Waini "ya mazingira" kwa gesti yangu Fort Portal: nichukue aina zote sita?

"Kaka habari. Niko na gesti ndogo hapa Fort Portal, vyumba sita na mgahawa, wageni wengi ni wale wa kwenda kuona sokwe Kibale. Juzi alikuja kijana wa mauzo kutoka Kampala na waini za Afrika Kusini za kampuni inayosema inatunza mazingira. Ziko aina sita: sauvignon blanc, chenin blanc, rozee, pinotage, merlot na moja ya mapovu. Anasema zabibu zinalimwa bila kemikali, waini haiumizi kichwa, na kila chupa wanapanda mti. Lebo ina jani la kijani. Ile merlot imeandikwa haina salfaiti na ndo anaisukuma sana. Chupa ni nyepesi na kifuniko ni cha kuzungusha kama cha waragi, mume wangu anasema hii ni waini ya bei ya chini wametuwekea bei ya juu. Anataka elfu 70 kwa chupa, na ile ninayouza siku zote naichukua kwa elfu 45. Alafu mimi mwenyewe nina asma, nikinywa waini nyeupe kifua kinabana, nikasema labda hii isiyo na salfaiti ndo itanifaa. Nichukue zote sita? Nisaidie."

Dada yangu, asante kwa kuandika. Umeuliza maswali kama matano kwa pumzi moja na yote yana maana, lakini mimi ntaanza na hilo la mwisho ulilolitupia pale chini kama vile si kitu, la kifua. Hayo mengine ni ya pesa, pesa inaweza kungoja.

Tafadhali usichukue hiyo merlot ukaijaribu mwenyewe nyumbani uone kama kifua kitabana au la. Salfaiti ni chumvichumvi za salfa wanazotia kwenye waini isiharibike, na ikiwa ndani ya waini ambayo ina asidi sehemu yake inakuwa gesi, salfa dayoksaidi, sasa ile gesi unaivuta wakati ule ule unapomeza. Wengi hawasikii kitu. Lakini kwa baadhi ya watu wenye asma njia za hewa zinajikaza hapo hapo. Na waini nyeupe kwa kawaida inatiwa nyingi kuliko nyekundu, manake nyekundu inachachuka pamoja na maganda na maganda yana tanini inayoilinda, nyeupe haina kinga hiyo, kwa hiyo unachosimulia kinaendana kabisa na salfaiti. Shida ni kwamba kinaendana na vitu vingine pia, pombe yenyewe inachokoza asma kwa wengine, histamini pia, na mimi ni mtu wa vinywaji, siwezi kukupima kifua kupitia maandishi.

Alafu hiyo chupa inayosema "haina" pia si sifuri. Hamira zenyewe zikiwa kazini zinatengeneza salfaiti kidogo, hakuna namna ya kuzizuia, ndo maana lebo za uaminifu zinasema hakuna salfaiti iliyoongezwa. Kwenye masoko mengi waini ikivuka miligramu 10 kwa lita lazima iandikwe ina salfaiti, na kuna waini hazijatiwa chochote na bado zinavuka hapo.

Kwa hiyo nenda hospitali ya Buhinga au kwa daktari anayekupa inhela, mwambie waini nyeupe inakubana, mwambie pia kama inakutokea ukila matunda makavu au ukinywa juisi za chupa kwa sababu huko nako salfaiti imo, na mpaka akuone hiyo waini nyeupe iache. Na ikitokea siku umekunywa kitu midomo ikavimba, kifua kinapiga filimbi, huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta hewa, hiyo si ya kusubiri asubuhi, ni hospitali usiku huo huo. Wafanyakazi wako pia wafundishe, mgeni akisema ana asma au ana aleji asiambiwe "hii haina shida madam", aletewe chupa asome mwenyewe.

Sasa hilo la kichwa. Huyo kijana simlaumu, hayo maneno amefundishwa, ukienda kwenye maonyesho yoyote ya vinywaji Kampala utayasikia kila meza. Lakini fikiria kidogo: kama salfaiti ndo ingekuwa inaumiza kichwa basi watu wangelalamikia nyeupe, ambayo ndo inayo nyingi. Wanalalamikia nyekundu. Na aprikoti zilizokaushwa zina salfaiti mara nyingi zaidi ya glasi ya waini, sijawahi kumsikia mtu akisema ameamka na kichwa kwa sababu ya aprikoti. Mshukiwa wa kwanza ni pombe yenyewe, asilimia 13 au 14, na zabibu za kilimo hai zinatoa pombe ile ile. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha California pale Davis walitoa hoja kwamba kuna kitu kinaitwa kwasetini, kiko kwenye maganda ya zabibu hasa zilizopigwa na jua sana, ambacho kikiingia mwilini kinazuia kimeng'enya kinachosafisha sumu inayobaki baada ya pombe kuvunjwa, wameiona maabara, kwa watu bado inahitaji kupimwa vizuri. Angalia hapo hakuna habari ya kemikali za shambani kabisa. Kwenye menyu yako usiandike "haiumizi kichwa", siku muzungu mmoja akiamka nacho ukamkosa kwenye safari ya sokwe saa mbili asubuhi utajuta. Weka jagi la maji mezani, wape chakula, inatosha.

"Bila kemikali" nayo banange. Mzabibu ni mmea unaoshikwa na ukungu kirahisi sana, sehemu zenye mvua usipopiga dawa hupati kitu. Mkulima wa kilimo hai haruhusiwi dawa za viwandani za kuua magugu wala zile za ukungu zinazoingia ndani ya mmea, lakini anaruhusiwa salfa na kopa, yaani dawa ya madini ya shaba. Ndiyo, kopa ile ile wakulima wetu wa kahawa na nyanya wanaijua, ya rangi ya bluu. Wafaransa wanaitumia kwenye zabibu tangu miaka ya 1880. Na kopa haiozi, inakaa kwenye udongo mwaka hadi mwaka, minyoo hawaipendi, ndo maana Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta kwa miaka 7. Kwa hiyo sentensi ya kweli ni "bila dawa za viwandani", na hiyo bado ni kitu kikubwa, usiidharau, hasa kwa wafanyakazi wanaoshinda humo shambani. Afrika Kusini wana bahati kwamba kule Western Cape kiangazi ni kikavu, ukungu si mwingi kama Ulaya, kwa hiyo kilimo hai kule kinawezekana kwa dawa chache.

Sehemu yenyewe ngumu ni jani. Kuna majani na majani. Kuna jani la Umoja wa Ulaya, limechorwa kwa nyota nyeupe kwenye kijani, lipo tangu 2010, na karibu yake lazima kuwe na namba ya taasisi iliyokagua yenye herufi kama BIO katikati. Kwa Ulaya hata sheria ya "waini ya kilimo hai" yenyewe ni ya 2012, kabla ya hapo walikuwa wanaruhusiwa kusema tu kwamba zabibu ndo za kilimo hai, humo kiwandani ilikuwa haijaandikwa. Wakaweka na kikomo cha salfaiti: nyekundu kavu miligramu 100 kwa lita badala ya 150, nyeupe na rozee 150 badala ya 200. Umeona? Kilimo hai ya Ulaya ina salfaiti, imepunguzwa tu. Marekani ni tofauti, huko ukiiita waini oganiki hutakiwi kuongeza salfaiti hata kidogo. Kwa hiyo chupa mbili zote zimeandikwa oganiki na ndani si kitu kimoja.

Na kuna jani la pili, la mchoraji. Mtu amekaa na kompyuta akachora jani kwa sababu jani linauza. Hilo halina namba, halina jina la mkaguzi, halina chochote. Chukua chupa sasa hivi ugeuze uangalie lako ni lipi.

Kwa kuwa ni waini za Afrika Kusini kuna kitu kingine cha kutafuta, na binafsi nakiamini kuliko jani. Shingoni mwa chupa, pale kifuniko kinapokutana na kioo, kunabandikwa kijikaratasi kirefu chenye namba. Kikiwa kimeandikwa "Integrity & Sustainability Certified" maana yake kuna ukaguzi wa shamba na kiwanda, dawa wanazotumia, maji, uchafu unaotoka kiwandani, na ile namba unaweza kuiingiza kwenye mtandao ukaona ni waini gani. Mihuri hiyo ilianza na mavuno ya 2010, na mpango ulioko nyuma yake ulianza 1998. Ila kuwa mwangalifu hapa pia: waini nyingi sana za Afrika Kusini zinao huo muhuri, hata za bei ya kawaida, inawezekana kabisa hiyo unayoichukua kwa elfu 45 inao! Nenda kaangalie kabatini kabla hujasoma mbele. Muhuri unasema "wanafanya inavyotakiwa", hausemi "wanafanya kuliko wenzao".

Wanaofanya kuliko wenzao wapo. Kuna Reyneke pale Stellenbosch, hao ni wa biodinamiki, ile njia iliyotokana na mihadhara ya mwanafalsafa wa Austria, Rudolf Steiner, mwaka 1924, unajaza samadi kwenye pembe ya ng'ombe unaizika msimu wa baridi alafu unaichanganya na maji unanyunyizia shamba (kwa pembe za ng'ombe wa Ankole nadhani ingetosha wilaya nzima). Mimi hilo la pembe silitetei wala silipingi, ila mashamba ya namna hiyo ukienda udongo wake ukiushika unaona tofauti, wanafuga, wanapanda mimea katikati ya mistari, hawaachi ardhi uchi. Vergenoegd, nako karibu na Stellenbosch, wana mabata wanaotembea kwa foleni kila siku kwenda kula konokono kwenye mizabibu, watalii wanakwenda kuwaangalia kama kwenu wanavyokuja kuwaona sokwe. Kwa Western Cape ningeuliza zaidi habari ya maji, kwa sababu kule mwaka 2018 Cape Town nusura mabomba yakauke kabisa, na habari ya ule uoto wao wa asili wanaouita fynbos ambao haupatikani kwingine duniani na mashamba ya zabibu yamekuwa yakiula kidogo kidogo. Kampuni inayokuambia imeacha hekta kadhaa za fynbos bila kulima na inapima maji yake inaongea kitu. Inayokuambia "tunapenda asili" haijaongea bado.

Na miti. Sisi Uganda habari ya kupanda miti tunaijua, mtu anapanda kalitunsi (mikaratusi) kwenye bwawa, chemchemi inakauka, anapiga picha anaitwa mtunza mazingira. Uliza mti gani, wapi, nani anaumwagilia mwaka wa pili. Kijana wa mauzo hatakuwa na jibu na si kosa lake, lakini kampuni iwe nalo kwenye karatasi. Hata lile neno la "haina kaboni" linalotokana na kununua miti ya watu wengine, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024 ya kulikataza kwenye bidhaa, inaanza kazi Septemba 2026. Ujue na wao wamechoka.

Sasa mume wako. Mwambie kwa heshima zote kwamba hapo kwenye chupa ndo amekosea, tena amekosea pale ambapo kampuni imefanya vizuri kuliko kote. Ukichukua chupa moja ya waini ukahesabu uchafu wote wa hewa iliyosababisha tangu shambani mpaka mezani, kioo ndo kinachukua sehemu kubwa kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kuyeyusha kioo kunahitaji tanuru la moto mkali usiozimwa usiku na mchana, alafu ule uzito unausafirisha. Chupa ya kawaida tupu ni kama gramu 500 na kidogo, zile nzito zinazoonekana za kitajiri zinafika 900, nyepesi ni 420 au chini ya hapo, na 420 ndo wastani ambao wauzaji wakubwa kadhaa duniani walikubaliana 2023 kuufikia ifikapo mwisho wa 2026. Ule uzito wa ziada hauongezi ladha hata tone, ni vazi tu. Piga hesabu: katoni 20 za chupa sita, tofauti kati ya chupa nzito na nyepesi ni karibu kilo 58, zaidi ya nusu gunia la mahindi la kioo kitupu, kimepanda meli mpaka Mombasa, kimepanda lori zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Kampala, alafu kama 300 tena mpaka kwako. Na ikifika kwako imeisha, si kama chupa ya bia ambayo inarudi na kreti yake, ya waini hairudi Stellenbosch.

Unaweza kujipimia mwenyewe, usimwamini mtu. Weka chupa iliyojaa kwenye mzani wa jikoni, toa gramu 750 za waini, kinachobaki ni kioo na kifuniko. Ikisoma kilo moja na gramu 170 au 200 hapo uko vizuri. Ikisoma kilo moja na nusu na zaidi na lebo inaongea mazingira, waulize wenyewe wanaongea nini.

Kifuniko cha kuzungusha vile vile si alama ya umaskini. Kinaziba vizuri, hakileti ile harufu ya gunia lililooza ambayo vizibo vya koki vinaweza kuleta, na mtu akifungua glasi moja unakifunga tena. Koki nayo si mbaya kwa mazingira, ni gome la mti, Ureno wanalibandua kila baada ya miaka 9 na mti unabaki hai. Ila kwa mgahawa wa glasi moja moja, ya kuzungusha tu.

Tuje kwenye hiyo merlot ambayo mwenzetu anaisukuma. Mimi nisingeichukua, na sababu si kwamba ni waini mbaya, huko ilikotengenezwa inawezekana ni tamu ajabu, imejaa matunda. Salfaiti kazi yake ni mbili, inazuia bakteria na hamira pori wasianze kazi tena humo ndani, na inashika oksijeni kabla haijaila waini. Ukiitoa, chupa inabaki haina mlinzi. Inahitaji baridi njia nzima. Sasa hiyo yako imekaa kwenye kontena bandarini Mombasa na joto lile, imesubiri mpakani Malaba, imekaa stoo Kampala ambayo nina hakika haina AC, alafu ikapanda gari. Ukiifungua inaweza kuwa safi, inaweza kuwa na harufu ya tufaha lililochubuka au siki, na mgeni hatasema "salfaiti haikuwekwa", atasema gesti ya dada yule waini yake mbovu. Kama kampuni inaileta kwa kontena la baridi na wanaweza kukuonyesha, hapo mazungumzo mengine. Na neno "ya asili" kwenye waini mahali pengi halina sheria, Ufaransa ndo walianza kulipa masharti rasmi 2020, kwa hiyo likiandikwa peke yake halikulindi.

Uharibifu mwingine ambao hakuna anayeutaja kwenye lebo ni waini inayomwagwa. Una vyumba sita. Chupa moja inatoa glasi tano. Mgeni mmoja anakunywa glasi mbili, wa pili moja, zilizobaki zinakaa siku ya tatu, ya nne, mwishowe zinaenda jikoni au sinki. Kwa elfu 70, ukiuza tano kila glasi imekugharimu elfu 14, ukiuza tatu imekugharimu zaidi ya elfu 23. Na mazingira yameumia kwa chupa nzima ingawa imenyweka nusu. Kwa hiyo aina sita kwa gesti ya vyumba sita ni nyingi, dada, hata kama zote zingekuwa nzuri kama asali. Chupa sita zimefunguliwa kwa wakati mmoja utamwaga kila wiki.

Ningekuwa mimi, chenin blanc ndo ya kwanza. Afrika Kusini wana chenin nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, wameizoea, ina uchachu unaokata mafuta ya tilapia ya kukaanga na haishindani na luwombo ya kuku kwenye mchuzi wa karanga, na kwenye sauvignon blanc utakuwa umelipia kitu kinachofanana kazi, iache. Ya pili pinotage, hiyo ni zabibu yao wenyewe, ilizaliwa Stellenbosch 1925 kwa kuchavusha pinot noir na cinsault, inakwenda na muchomo na moshi wake vizuri sana, na ina hadithi ambayo mhudumu anaweza kumwambia mgeni kwa sentensi moja. Rozee chukua kidogo kwa ajili ya wale wanaokaa nje jioni. Ile ya mapovu sina ugomvi nayo lakini chupa yake lazima iwe nene kwa sababu ya presha, Champagne wenyewe walijitahidi wakapunguza mpaka gramu 835 na hapo ndo penye afadhali, kwa hiyo weka mbili tatu za watu wa honeymoon, zisikae kwenye menyu ya glasi.

Alafu muulize kama kampuni ina ile ya boksi, mfuko ndani ya kartoni, lita tatu. Najua, mume wako atashika kichwa. Lakini lita tatu ni chupa nne bila kioo hata kimoja, na mfuko unajikunja waini ikitoka kwa hiyo hewa haiingii, ukishafungua inakaa wiki nne hivi bila kuharibika, unaimimina kwenye jagi la kioo zuri unapeleka mezani na hakuna anayeona boksi. Kwa gesti kama yako hiyo ndo waini ya mazingira kuliko zote, ila isikae stoo zaidi ya miezi tisa kumi kabla ya kufunguliwa, mfuko haulindi kama kioo. Fort Portal yenu iko juu, kuna ubaridi, mnahifadhi waini vizuri kuliko sisi wa Kampala, chumba chenye giza upande usiopigwa na jua kinatosha.

Na kama wageni wako wanataka kweli kupunguza safari ya chupa, weka na waini moja ya hapa hapa, ya nanasi au ya hibiskasi, ziko zinazotengenezwa vizuri siku hizi na ushuru wake ni mdogo kuliko za nje. Tafuta alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na kwa kilimo hai alama yetu ya Afrika Mashariki ni Kilimohai, inatokana na kiwango cha 2007, watu wa NOGAMU, umoja wa kilimo hai Uganda, wanaweza kukuambia nani anayo. Iuze kama waini ya nanasi, usiiite "sauvignon ya Uganda". Onja kwanza, kuna nyingine ni sukari tupu.

Je, elfu 25 ya juu inastahili? Kwa chenin na pinotage, kama namba za ukaguzi zipo na chupa ni nyepesi, mimi ningelipa, lakini si 70, kwa mtu anayeanzisha soko huko Fort Portal ningeanza na 58 na kuishia 62. Kama ni jani la mchoraji, ibaki 45 yako uliyozoea, hasa ikiwa nayo ina ule muhuri wa shingoni.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha kila chupa ina stempu ya kidijitali ya URA, mamlaka ya mapato, ile ipo tangu 2019, ipige na app ya Kakasa kwenye simu ikuambie ni ya kinywaji hicho hicho, kwa sababu chupa tupu za waini hapa mjini zinauzwa na si zote zinawekwa asali. Omba nakala ya cheti cha kilimo hai chenye jina la shamba na tarehe ya kuisha, akutumie kwa WhatsApp, akisema "kipo ofisini" subiri kitoke ofisini. Omba pia mwaka wa mavuno, chenin na rozee zisiwe zimezidi miaka miwili mitatu. Agiza katoni moja ya chenin na moja ya pinotage tu, uziuze mwezi mmoja ukiandika ngapi zimemwagwa, na daktari umuone wiki hii.